Yani la Mkunazi Haliwekwi

Juzi msichana mmoja wa hapa Wiyoni alinijia na pakiti ya unga wa kijani, eti wa mkunazi, aliyoinunua dukani. Pakiti ina picha ya mti, na mti wenyewe si mkunazi. Akaniuliza, "Bi Esha, hii yatiwa vijiko vingapi kwa maiti mmoja?" Nikamtazama. Vijiko! Kama anakoroga uji. Sikumcheka, maana yeye ndiye mwosha maiti wa mtaa siku hizi na hakuna aliyemfundisha. Mimi niliyepaswa kumfundisha nimekaa kitini tangu kiharusi kinichukue mkono wa kulia. Kwa hivyo nawaandikia nyote, wanangu. Naandika kwa mkono wa kushoto na shule yangu iliishia darasa la tatu. Herufi zikipanda na kushuka, nyinyi zifuateni tu.

Kazi yangu ilikuwa mkunazi. Nilitunda majani, ndiko kuyachuma, nikayaponda, nikayapeleka yalikotakiwa, au nikaenda nayo mwenyewe. Aliyenifundisha ni Bi Zena, mdogo wake mamangu, aliyenilea baada ya mamangu kufa. Yeye alikuwa mwosha wa wanawake wa mtaa huu tangu sijazaliwa. Mti ulikuwa kando ya nyumba yetu, katika kiwanja cha kakake Bi Zena, na ulikuwa mpana kiasi cha kutia kivuli jiko letu na la jirani. Huo ndio mti ninaousema hapa. Hamtauona. Pale uliposimama sasa pana ukuta, na ukuta una mwenyewe, nami nitamtaja kwa jina lake mbele huko.

Kwanza mjue kutunda. Sisi Waamu jani twaliita yani, na yani la mkunazi hutundwa jua likishapanda na umande umekauka, kabla ya adhuhuri. Jani lenye umande hutoa maji mengi na povu kidogo. Mchana mkali hatutundi, na magharibi hatutundi, kwa kuwa mti una wenyewe na hizo ndizo saa zao za kupumzika. Ukifika, toa salamu. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza Bi Zena, "Na wasipojibu?" Akasema, "Wakijibu ndipo ukimbie."

Mkunazi una miba miwili miwili. Mmoja umenyooka, wa pili umepinda kama ndoana. Ulionyooka wakuchoma, uliopinda wakushika. Bi Zena akisema, "Huyu wakufukuza, huyu wakuambia usende." Anayevuta mkono kwa haraka ndiye anayeraruka. Mwiba ukikushika, sukuma mkono mbele kidogo, urudi polepole. Mkono wangu huu uliokufa una makovu tele ya siku nilizosahau kusukuma mbele. Siku hizi nikiukanda nayapapasa yale makovu moja moja, na ni raha, Mungu anisamehe.

Majani ya chini usiyachukue, hayo ni ya mbuzi na yana mate yao. Ponda kwenye kinu kwa maji ya kunyunyiza tu. Kisha sugua ndani ya beseni kwa viganja mpaka povu lisimame lenyewe. Kwa maiti ulichuje kwa kitambaa, usipolichuja vipande vitanasa kwenye nywele za marehemu na utakaa ukivichambua kimoja kimoja huku wafiwa wanakuita mlangoni. Maji ya mkunazi kwanza, maji safi baadaye, ya mwisho yenye karafuu maiti. Kwa bibi arusi usichuje. Mpake kichwani mzito, umfunge leso, umwache akae na joto lake. Kwa jipu, ponda jani bichi ulibandike. Kwa tumbo la kuhara, magamba ya mti yachemshwe. Jani lile lile, wanangu. Lililomkosha bibi arusi ndilo litakalomkosha akifa. Bi Zena hakuona ajabu yoyote hapo.

Na kwa aliyefungwa.

Hapa nitawaeleza kidogo, maana najua hamtanikopesha masikio bila haya. Mwanamume akioa, naye akawa hawezi kumfikia mkewe, watu husema amefungwa. Dawa yake ni majani saba mabichi, yapondwe baina ya mawe mawili, yatiwe majini, yasomewe Ayatul Kursiyu na Kulhuwallahu na ndugu zake. Anywe funda tatu, aoge yaliyobaki. Alikuja kijana mmoja wa mjini na mamake. Yule kijana kainamisha kichwa, mama ndiye msemaji.

"Bi Zena," mama akasema, "nawe tia kumi na nne. Jambo hili lina haraka."

"Dawa si chai, Bi," Bi Zena akamjibu, "ukiona haijakolea uongeze majani."

Siku hiyo magoti ya Bi Zena yalikuwa yamevimba, nami nilikuwa kwenye nyumba ya arusi. Palikuwa na jirani yetu Mutua, kibarua wa ujenzi, mtu wa bara, mkarimu, aliyehamia mtaani mwaka ule. Bi Zena akamwita. "Mwanangu, nitundie yani saba pale mtini."

Mutua akasimama. "Yaani saba?"

"Ee. Yani saba."

"Sawa mama. Yaani saba za nini?"

"Za nini tena? Yani! Yani saba!"

"Mama, yaani nimeelewa ni saba. Lakini yaani saba nini?"

Nasikia yule mama wa mjini alitaka kulia, na mwanawe, ambaye hakuwa amecheka tangu aoe, akaanza kutikisika mabega. Mwisho Bi Zena akanyoosha mkono mtini akapiga ukelele, "Saba!" Mutua akaenda na panga, akarudi na matawi saba, mazima, damu zamtiririka mikononi kwa miba. Yule bwana arusi akaanguka kwa kicheko. Bi Zena akachukua jani moja kwenye kila tawi, akasoma, akampa. Baadaye mama alileta halua ya shukrani, na Bi Zena akasema hajui kilichomfungua ni Kuruani, ni jani au ni Mutua.

Nilikisimulia kisa hiki miaka na miaka, kila pakikaa watu. Kila mgeni nyumbani kwetu alikisikia. Laiti ningenyamaza.

Kuna jambo la mwisho la kazi hii, na ndilo zito. Yani la mkunazi haliwekwi. Halikaushwi, halitiwi kwenye chupa, halifichwi kabatini kwa ajili ya kesho. Wazee wetu husema juu mbinguni kuna mkunazi, na kila kiumbe ana jani lake pale. Mwezi wa Shaabani mti hutikiswa, na ambaye jani lake limeanguka haifikii Shaabani nyingine. Sasa jani la huku chini, ukilitunda, lazima liwe na mwenyewe: bibi arusi, mgonjwa, au maiti aliyekwisha kufa. Ukiliweka ndani halina mwenyewe, litajitafutia mmoja humo humo nyumbani. Bi Zena alikuwa haachi hata kikonyo. Kilichobaki akikirudisha kwenye shina, akikifunika mchanga.

Msichana wa pakiti atasema hayo ni mambo ya kale. Huenda. Lakini mimi nilikua ndani yake kama nyinyi mnavyokua ndani ya simu.

Kiharusi kilinipata jikoni, nikiwa na ungo mkononi. Hospitali walinipa vidonge na wakanifunza kuinua mguu. Vidonge na mazoezi ndivyo vilivyonisimamisha, msidanganywe na mtu. Mkunazi haukunirudishia mkono. Lakini kila asubuhi Bi Zena, mzee wa magoti mabovu, alikwenda mtini, akatunda konzi ya majani, akayasugua kwenye beseni, akautia mkono wangu ndani ya povu akauosha kidole kimoja kimoja. Sikuwa nasikia kitu. Nilikuwa naona tu mkono wake ukienda juu ya wangu. "Wanifanyia nini, mama?" nikamuuliza siku moja. "Usijione maiti," akasema, "nawaosha na walio hai."

Kisha yeye ndiye akaanguka. Hakuinuka tena kitandani, akawa akipoteza nguvu taratibu, na kazi yangu ikawa kukaa naye. Siku moja, hali yuko timamu, akaniambia, "Esha, mimi usinioshe kwa kitu kingine. Nioshwe kwa mti wangu. Nimewapa watu wote." Nikasema Inshallah. Sikuona tabu yoyote katika ahadi hiyo. Mti ulikuwa nje ya dirisha, hatua chache.

Sasa nitaje majina.

La kwanza ni Swaleh, mtoto wa kakake Bi Zena, aliyekirithi kile kiwanja. Alikiuza bila kumwambia shangazi yake aliyemlisha kwa mkono. La pili ni Athmani Kale, aliyekinunua. Athmani alikuja nyumbani kwa adabu zote, kofia safi, akaketi karibu na kitanda cha Bi Zena, akanywa kahawa yetu.

"Bi Zena," akasema, "ule mti ni wa mui mzima, wa mtaa wote. Nitajenga nikiuzunguka. Hautaguswa."

Bi Zena akamwombea dua. Nami, kwa furaha, nikamsimulia kisa cha Mutua na matawi saba. Alicheka mpaka kikombe kikamwagika. Akanirudisha nyuma, "Eti yaani saba nini? Hebu sema tena." Nikasema tena.

Haukupita muda mrefu. Nilikuwa nampa Bi Zena uji nikasikia msumeno wa mashine.

"Kitu gani hicho?" akauliza.

"Boti, mama. Inatengenezwa mashine."

"Boti juu ya nti kavu?"

Nikatoka nikiuburura mguu. Nilipofika, mkunazi ulikuwa umelala chini, kitwa chake kimeangukia kwenye uwazi wa jirani, na kunazi changa zimetapakaa kama shanga za mtu aliyekatikiwa na uzi. Athmani amesimama pembeni na simu yake. Nikamwambia nini? Hata sikumbuki nilimwambia nini. Nalikumbuka jibu lake.

"Bi Esha, Wallahi nami nimeshtuka. Mimi niliwaambia wapunguze yani kidogo, yasije yakaanguka kwenye saruji. Hawa vijana wa bara hawajui Kiamu. Nikasema yani, wao wakasikia yaani."

"Yaani nini, Athmani?"

"Yaani wakate."

Alinitazama machoni akilisema hilo. Kisa changu, kicheko changu, kakitoa kwetu na kahawa tumboni, kakifanya ngao. Nikawageukia wale vibarua. Mmoja, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa akijipangusa vumbi. Akasema taratibu, bila ugomvi, "Mama, sisi hatukuambiwa maneno. Bosi alituonyesha shina kwa kidole."

Athmani akapokea simu ambayo sikuisikia ikilia.

Niliporudi ndani Bi Zena alikuwa ameelekeza uso dirishani. "Fungua zaidi," akasema. Harufu ya mkunazi mbichi uliokatwa ilijaa chumba kizima, tamu na chungu, kali kuliko beseni lolote nililowahi kusugua. Akaivuta. Tangu siku hiyo hadi anakufa hakuutaja mti tena, wala mimi.

Mutua alikuja jioni ile. Akasimama juu ya yale matawi akaniambia, "Bi Esha, majani ni mengi hapa. Tukaushe gunia moja. Mtayahitaji."

Alisema mtayahitaji, na sote wawili tulijua kwa ajili ya nani. Wanangu, nifahamuni. Yule ambaye majani yale yangemfaa alikuwa ndani, anapumua, anakunywa uji wangu. Kuyaweka ni kusema nimemhesabu. Ni kumwita mwenyewe wa majani kwa jina. Nikamwambia Mutua hapana. Akasema, "Yaani mnaacha yapotee?" Nikamwambia yaache. Mbuzi wa Wiyoni walikula mpaka matumbo yakawa ngoma, na nilikaa kitini nikiwatazama.

Wengine huniambia leo nilikosea. Wengine husema nilifanya heshima. Mimi sijawahi kupata jibu, na silitafuti kwenu.

Bi Zena alifariki asubuhi, baada ya kunywa chai nusu kikombe na kusema ni ya moto. Nilimfunga kidevu kwa mkono mmoja na meno yangu. Kisha nikaanza kutafuta jani. Ulikuwapo mkunazi mwingine mtaani, ndani ya ua wa nyumba ambayo mwenyewe yuko Mombasa na ufunguo anao yeye. Mwingine wa nyuma ya madrasa ulikuwa umepukutika kwa kiangazi, miba mitupu. Nikampigia simu Bi Amina, dadake Bi Zena, aliyeolewa Mkokoni huko ng'ambo, na ana mkunazi mlangoni pake uliootokana na kokwa alizobeba siku aliyohama kwetu. Nikamwambia habari. Akasema inna lillahi, kisha akasema, "Nakuya na yani. Mningoje."

Nikamwendea Swaleh, maana yeye ndiye mwanamume wa karibu, kauli ni yake. Nikamwambia, "Mngoje mpaka alasiri. Boti yaja kutoka Mkokoni."

"Shangazi atazikwa adhuhuri."

"Ni saa chache, Swaleh. Ndilo jambo pekee aliloliomba."

"Maiti huharakishwa, Bi Esha. Na mwalimu amesema sabuni yafaa."

Na kweli yafaa, mwalimu hakusema uongo, kuosha kumetimia na dini haina dhiki. Lakini Swaleh hakuwa na haraka ya dini. Alikuwa hawezi kukaa muda mrefu katika nyumba ambayo dirisha lake latazama pale penye shimo la shina. Nikaona hivyo, nikamwambia hivyo, mbele ya watu.

Bi Zena alioshwa kwa sabuni ya kipande iliyotoka dukani, yenye harufu ya limau. Walioosha ni wanawake aliowafundisha yeye, nami nilimimina maji kwa kata, kwa mkono wa kushoto. Tulianza upande wake wa kulia, tukaja kushoto, polepole. Nywele zake zilikuwa nyembamba kama za mtoto. Mwanamke aliyewapeleka mama zenu wote kaburini wakinukia mkunazi, yeye akaenda akinukia limau la vyoo vya hoteli. Jeneza lilipotoka, aliyekuwa mbele kabisa, bega chini ya mti wa jeneza, analia kwa sauti, ni Athmani Kale. Nimeliandika jina lake mara ya kutosha. Aliyelisahau arudi juu.

Baada ya alasiri nikasikia mtu mlangoni. Bi Amina, buibui limelowa chumvi, na nyuma yake nahodha amebeba gunia limefungwa kwa kamba ya mnazi. Alikuwa ameshaambiwa gatini kwamba wamezika. Hakunilaumu, hakulia pale. Akalitua gunia ndani ya ua, akalifungua, majani yakamwagika kwenye sakafu, mabichi, yang'ara, na harufu ile ikapanda tena ndani ya nyumba.

Wanawake wa matanga wakarudi nyuma hatua moja. Kila mmoja aliwaza nililowaza mimi: haya sasa hayana mwenyewe. Mengi hivi, na ndani ya nyumba ya msiba. Bibi mzee mmoja akanong'ona tuyarudishe baharini.

Bi Amina akafunga leso kiunoni. "Kinu kiko wapi?" akauliza.

"Dada," yule mzee akasema, "maiti ameondoka."

"Nimeambiwa. Nauliza kinu."

Nikamwonyesha. Akaponda. Alikuwa na mtindo ule ule wa Bi Zena, kupiga mara tatu na kuzungusha, kupiga mara tatu na kuzungusha, na kila akizungusha anaguna. Akasugua kwenye beseni mpaka povu likasimama. Kisha akamvuta yule mzee aliyenong'ona, akamketisha kwenye kigoda, akamfunua ushungi, akammiminia kichwani. Yule mzee alipiga kelele kwa ubaridi wa maji. Mtu mmoja akacheka, akaziba mdomo. Halafu mwingine akajifunua mwenyewe akasogea, na mwingine nyuma yake. Ua ule uliojaa vilio tangu asubuhi ukajaa wanawake vichwa wazi, nywele zimelowa, wanasuguana wao kwa wao. Mwanamke mmoja alisema, "Yarabi, hii ndiyo harufu ya arusi yangu," akainama aoshwe. Tulimaliza gunia zima. Hakikubaki hata kikonyo cha kutafuta mtu.

Mimi nilikaa mwisho, kwa kuwa kwa mkono mmoja siwezi kujisugua. Bi Amina akaja nyuma ya kiti changu. Nilipofumba macho vilikuwa vidole vile vile: vifupi, vigumu, vyenye makovu ya mwiba, vinaanzia utosini na kushuka nyuma ya masikio kwa zamu. Maji yakanishuka shingoni. Sikumbuki kama alikuwa anasoma kitu au anazungumza na mtu mwingine. Mwisho akaniuliza, "Esha, yatosha?"

Nikanyamaza, ili aendelee.